Safari ya Chumba cha Minyororo

Miaka ya vita vya pili vya Wazungu, mwalimu wetu wa darasa la tatu alitupeleka kuona vitu vya kale. Hatukwenda mbali. Misheni yetu hapo Kisauni ilikuwa na chumba kilichowekwa kumbukumbu za watumwa waliokombolewa baharini wakaletwa kukaa pwani yetu. Tulikwenda kwa miguu, wawili wawili, tumevaa sare zilizopigwa pasi ya makaa.

Ndani mlikuwa na minyororo, kongwa la mti walilofungwa shingoni, na ukutani picha kubwa ya watoto waliosimama safu mbele ya kanisa. Mwalimu alisema, "Hawa ndio waliotoka kwenye jahazi lililokamatwa na manowari." Wenzangu waligombania kuinua mnyororo. Mimi nilibaki kwenye picha, kwa kuwa msichana mmoja alikuwa na uso wa mama yangu.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia nyanya, mama yake mama. Alikuwa akichambua mchele kwa vidole, maana macho yalikuwa yameingia ukungu. Nilijua aliletwa na Wazungu akiwa mdogo, lakini habari hizo hakuzizungumza, nasi tulifundishwa tusiulize.

Mikono yake ilisimama. "Picha hiyo ingalipo?"

"Ipo, nyanya."

"Nipeleke."

Jumamosi nilimshika mkono tukaenda. Mwalimu alitufungulia, akamwamkia kwa heshima, kisha akamwomba siku moja aje azungumze na darasa. Nyanya akamjibu, "Mwanangu, niwie radhi. Hayo siyawezi." Mwalimu akatoka, akatuachia chumba.

Nyanya hakuuliza habari ya minyororo. Alisimama mbele ya picha, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Niambie unaloliona."

Nikamwambia yupo msichana mdogo katikati, ana paji la uso kama la mama.

"Na wa kushoto kwake?"

"Mrefu kidogo. Kichwa kimenyolewa."

"Wameshikana mikono?"

Nilitazama vizuri. "La. Wote wameshusha mikono."

"Tulikuwa tumeshikana," akasema. "Tangu kwetu, njia nzima, na ndani ya jahazi, hakuniachilia. Mzungu mpiga picha ndiye aliyetutenganisha, akataka tusimame wima." Akapapasa kioo. "Anatazama wapi, huyo mrefu?"

"Wenzake wanatazama mbele. Yeye anamtazama yule mdogo."

Nyanya alitamka neno la lugha ya kwao, nisilolijua, akalirudia taratibu. Nikaelewa kuwa ni jina. Machozi yalimtoka bila sauti, nami sikujua la kufanya ila kumshika kanga.

Njiani aliniambia kuwa huyo alikuwa dada yake. Mvua za kwanza baada ya kufika, ndui iliingia misheni. Dada alitengwa katika kibanda cha wagonjwa, na yeye akakatazwa kukaribia. Alikuwa akisimama mbali akiita, na dada akiitika, hata ikafika siku akaita asisikie jibu. Walimzika watu wazima. Yeye hakuonyeshwa mahali.

"Uso wake ulinipotea zamani," akasema. "Nilikuwa nakumbuka mkono tu."

Jioni hiyo alimwita mama, akamweleza yote mwenyewe. Mama, aliyezaliwa naye na kulelewa naye nyumba moja, alikuwa hajapata kusikia kuwa ana mama mkubwa. Alilia kama aliyeletewa habari ya msiba wa siku hiyo. Majirani walikuja kuuliza nani amefariki, na mama akashindwa kuwaeleza.

Nyanya alifariki mwaka uliofuata, wakati wa kaskazi. Mama alikwenda kwa kasisi kuomba azikwe karibu na dada yake. Kasisi alimtembeza makaburi ya zamani kuanzia asubuhi. Sehemu ya wagonjwa wa ndui haikuwa na misalaba, ilikuwa majani matupu, na wazee waliowahi kuijua walikuwa wamekwisha. Basi tukamzika upande wa pili, karibu na barabara, palipokuwa na nafasi.