Arubuni ya Mbuzi Sita

Mwaka 2012 habari za mafuta zilipoanza kuvuma kule Lokichar, kila mfanyakazi wa serikali alitaka ploti Lodwar. Mimi nilikuwa nafundisha somo la biashara Kakuma. Mke wangu na watoto nilikuwa nimewaacha Kitale kwa sharti moja: watahamia Turkana nikishapata ploti, si kabla, maana familia ya mwalimu haikai nyumba ya kupanga.

Nikampata mzee mwenye ploti nyuma ya soko la Lodwar. Arubuni aliitaka kwa mbuzi, majike sita. Bei iliyobaki ningelipa taslimu baada ya miezi mitatu. Mapatano niliyaandika mwenyewe. Wakili wa nini, na mimi nafundisha mikataba kidato cha tatu? Kifungu cha tano kilisema mnunuzi akichelewa hata siku moja, arubuni imepotea na ploti ni huru kuuzwa. Nilikiweka ili karatasi ionekane ya wasomi. Mzee alitia kidole gumba, kisha akaniomba kalamu, akaniomba saa, akaniomba viatu. Nilimnyima vyote, nikasema moyoni: huyu hana haya hata kidogo.

Siku ya mwisho ya kulipa mvua ilinyesha, lagga, ule mto mkavu unaokata barabara, ikajaa maji, basi letu likakwama upande wa Kakuma, pesa zangu zikiwa ndani ya soksi. Asubuhi maji yalipungua. Wenzangu waliendelea na safari, mimi nikarudi. Kifungu ni changu, ningeanzaje kukililia? Nikampigia mke wangu simu, nikamwambia mzee ametunyang'anya. Mungu anisamehe.

Mapema 2013 nilikutana na mzee huyo kwenye soko la mifugo Kakuma.

“Ejok, mwalimu!” Alinisalimu kwa Kiturkana, akanishika mkono kwa furaha. “Mbona hukukuja?”

“Siku ilipita, mzee. Karatasi ilisema.”

“Karatasi ni yako. Mimi nilichukua mbuzi yako, wewe ni rafiki yangu. Nilingoja wewe wiki tatu, ukuje uombe siku ingine. Watu wa lori walikuja wakaomba, nikauzia wao.” Alinitazama kwa huruma ya kweli. “Kwani wewe hujui kuomba?”

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Palepale nilimpigia mke wangu, nikamweleza ukweli wote. Alicheka mpaka nikadhani simu imeharibika. Kisha akatulia.

“Na mimi,” akasema, “mwaka wa pili huu nangoja uniombe nije.”

Nikamwomba, wauza mbuzi wakisikiliza.