Nilimtengenezea mama shimo refu la gofu shambani, akagoma kulicheza

Wakuu, heshima zenu. Hii imetokea shambani kwetu na sijaongeza chumvi. Wasiocheza gofu msikimbie, nitaenda taratibu.

Mama yangu ni nesi mstaafu. Gofu alijifunza akiwa kazini kwenye mashamba ya chai kule Mufindi, na kwenye ukoo wetu hakuna aliyewahi kumshinda.

Mwaka juzi akaanguka na bodaboda hapa Mlandege, bega likaumia vibaya. Lilipona, ila nguvu haikurudi. Akaacha kucheza.

Tuna shamba barabara ya kwenda Idodi. Kuna malisho marefu yaliyopindia kulia kama ndizi, na kwenye kona kuna korongo. Nikaamua kuchonga shimo moja tu (kwenye gofu shimo ni njia nzima, toka pa kuanzia hadi kwenye bendera), refu, par 5. Yaani mchezaji mzuri anatakiwa kutumbukiza mpira kwa mipigo mitano.

Majani walikata ng'ombe. Green, pale penye bendera, tukashindilia mchanga.

Mwenye nguvu anapiga juu ya korongo, anakata kona. Kwa ajili ya mama nikafyeka njia pana kushoto, ya kuzunguka, haina shida yoyote.

Mama akaja, akalitembea lote. Akauliza njia ya kushoto ni ya nani.

"Mwanangu, umenijengea njia ya wagonjwa," akasema. "Hapa sichezi."

Wakuu, niliumia. Nilinuna siku kadhaa, halafu nikaelewa. Kushoto hakukuwa na faida yoyote. Ukipita huko unakiri tu kwamba huwezi.

Nikarudi na jembe. Nikaigeuza green ielekee kushoto, na upande wa kulia nikachimba bunker kubwa, yaani mtego wa mchanga wa kunasa mipira.

Sasa ukikata kona unafika mapema, lakini bunker inakusubiri mbele ya bendera. Ukizunguka unachelewa, ila mbele kuko wazi, mpira unabingirika wenyewe hadi kwenye green.

Nikamwita kaka yangu kutoka Mbeya. Jamaa ana mabega, na ana mdomo kuliko mabega. Mama akasema anakuja kuangalia tu.

Mama akaizunguka green mpya, akaikagua bunker. Kisha akaenda kufungua buti la gari. Kumbe fimbo zake alikuja nazo!

Kaka akavuka korongo safi kabisa, akaanza kutamba. Mpigo wa pili, bunker. Alichapa mchanga mpaka nywele zikabadilika rangi. Akamaliza kwa saba.

Mama alipita kushoto, mipigo mifupi iliyonyooka. Wa nne ukabingirika hadi karibu na bendera. Wa tano ukaingia.

"Pole, baba," akamwambia kaka. "Jikung'ute twende tukale."

Jumamosi iliyofuata nikamkuta mama amesimama kuelekea korongo. Nikamkumbusha kwamba ushindi uko kushoto.

"Najua. Leo najisikia kujaribu."

Mpira ukazama korongoni. Mama alicheka mpaka akaegemea fimbo, akaniomba mpira mwingine.

Nilichojifunza: aliyepungukiwa nguvu usimpe njia ya kumhurumia. Mpe njia yenye faida yake, halafu muache achague mwenyewe.

Wenye wazazi wanaorudi michezoni baada ya kuumia, ninyi mlifanyaje? Na wazoefu wa gofu nisaidieni: kaka anadai bunker ni kubwa mno, niipunguze au niiongeze?