Bahari Niliyokatazwa

Doa jeusi lilipotokea chini ya unyayo wangu, hapa Mkwiro hakuna aliyeshtuka. Sisi wanawake wa kulima mwani, miguuni mwetu hamuishi miiba ya baharini. Wifi yangu aliniletea papai bichi, akanipaka utomvu wake. "Mwiba huo utatoka wenyewe, wacha kudeka." Nikapaka mpaka mapapai yakaadimika uani. Mwiba gani huo! Haukutoka, ukapanuka.

Daktari wa Mombasa ndiye aliyesema ni saratani ya ngozi, ila imewahiwa. Alilikata doa, kisha akataka kunitoa na tezi za kinenani, kwa kuwa maradhi ya unyayo hukimbilia huko. Hilo sikubishana naye. Mtoto akijikata mguu, mtoki humvimba kinenani, nani asiyejua? Nilimwuliza moja tu: nitarudi majini? Akasema kwanza tupone.

Majibu yalipokuja, alhamdulillahi, tezi zilikuwa safi. Wifi alipiga vigelegele mle mle hospitalini mpaka muuguzi akamtoa nje. Lakini mguu ulikuwa umeanza kuvimba, na watu wakaamua nina matende. Wacha waseme. Kilichoniuma ni maneno ya daktari: maji ya mwilini yamekosa njia ya kupita, na mkwaruzo mdogo ukiingia uchafu, mguu utaharibika. Baharini nisiingie tena.

"Mpaka lini?"

"Siku zote, mama."

Nilikasirika, sifichi. Tezi hazikuwa na hata chembe ya ugonjwa, na kutolewa kwake ndiko kumeninyima bahari! Daktari akasema bila kuzitoa asingejua. Ni kweli. Nilikasirika vilevile.

Siku za bamvua, maji yakipwa, nawasikia wenzangu wakishuka huku wakichekana. Mimi nimelala, mguu juu ya mto. Natamani ile baridi ya kwanza ya maji magotini. Natamani kufunga mbegu za mwani kwenye kamba huku tukiwasengenya waume zetu. Natamani hata maumivu ya mgongo.

Juzi wifi alinipitia akitoka majini, leso imeloa chepechepe.

"Wacha nikaoge, nije tuzungumze."

Nikamshika mkono. "Usioge. Kaa hapa kwanza."

Alitaka kunitania, lakini aliponitazama akaacha. Akakaa kitandani kwangu. Alikuwa ananuka mwani mwili mzima. Nikamwegemea begani nikalia, naye akaliacha godoro langu lilowe.