Siku Mama Aliponiamkia

Nilikuwa nimemtumikia Mdachi kama askari miaka sita vita vilipofika kwetu. Tuliamriwa kuihama Morogoro. Tukayachoma maghala ya karibu na stesheni, kisha tukashika njia ya milima ya Uluguru kuelekea Kisaki. Chakula kilikuwa kimetuishia, na wapagazi wengi walikuwa wametoroka. Kila tulipokaribia kijiji, shaushi, mkubwa wa kikosi chetu, alituma askari wanne wakalete mahindi na wanaume wa kubeba mizigo.

Siku ya tatu alinituma mimi. Nilipoona fimbo yake inaelekea wapi, nilimwambia, "Shaushi, pale ni kwetu."

"Vizuri," alisema. "Basi unajua wanakoficha."

Nilijua. Juu ya kijito, nyuma ya migomba, kuna pango ambamo bibi zetu walijificha zamani. Tulipofika mlangoni mwa pango alitoka mwanamke amekonda, kaniki imemchakaa mwilini. Alipiga magoti, macho chini.

"Shikamoo, bwana mkubwa," alisema.

Sura yake sikuitambua. Sauti ndiyo niliyoijua. Alikuwa mama yangu.

Tangu nizaliwe sikuwa nimesikia mzazi akimwamkia mwanawe, na sikujua mtu hujibu nini. Wenzangu watatu walikuwa wamesimama nyuma yangu, wananingoja.

"Mama, ni mimi," nilisema kwa Kiluguru.

Aliinua uso. Aliitazama kofia, akaitazama bunduki, akaishia kwenye kamba niliyoivaa begani.

"Hiyo ni ya nani?"

Ningeweza kuwageukia wenzangu nikasema humu hamna mwanamume. Nimeyasema maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, peke yangu shambani. Siku yenyewe ulimi haukunyanyuka, na wao wakanipita wakaingia.

Walitoka na vikapu viwili vya mahindi na mjomba wangu. Huyu ndiye aliyenilea baada ya baba kufa, akanifundisha kushika jembe. Mmoja wao aliivuta kamba begani kwangu. Mjomba akamzuia kwa upole, akaninyooshea mimi mikono.

"Nifunge wewe," alisema. "Hawa watakaza mno."

Nikamfunga. Mama alikuwa bado amepiga magoti.

Mjomba alibeba sanduku la risasi siku tisa. Nilimgawia posho yangu usiku na mchana, lakini tulipoipita Kisaki alishikwa na kuhara damu. Asubuhi moja hakuamka. Niliomba ruhusa ya kumzika, nikapewa muda wa kuvuta kiko kimoja. Kaburi lilikuwa fupi kuliko yeye.

Wiki ile ile nilitoroka. Nilitembea kwa kujificha mpaka nikamkuta mama akipalilia maharage. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kwenye tuta. Hakulia wala hakunilaani. Alipalilia mpaka mwisho wa mstari, akarudi, akanipa jembe.

"Shamba lake limeota magugu," alisema.

Kwetu mpwa ndiye anayemrithi mjomba. Ardhi ni ya ukoo wa mama. Wazee walikaa kikao, wakanikabidhi shamba lile kwa desturi, na hakuna aliyeuliza alikufaje. Wana wa mjomba walikuwapo. Mkubwa wao aliondoka kabla kikao hakijaisha, na mpaka leo tukikutana njiani hupita upande wa pili.