Chupa Isiyo na Siki

Majirani walimwita Mama Chupa, kwa sababu jiko lake lilijaa chupa za mboga alizosindika mwenyewe na kuwauzia wapangaji wa jengo zima. Zote alizitia siki. Ila mumewe, seremala asiyeishiwa maneno, alilalamika kila mlo: "Mke wangu, siki hii itanifanya nife nimenuna!" Basi akamfungia maharage machanga chupa moja bila siki, mafuta juu. Siku ya kuifungua waliila wote wawili, huku wakitaniana.

Kesho yake Mama Chupa akaanza kuona kila kitu maradufu. Ulimi ukawa mzito, kope zikaanguka, kifua kikagoma.

Sasa yuko chumba cha wagonjwa mahututi, bomba kooni, mashine ikimpumulia. Dawa ya kuzima sumu iliyoota kwenye maharage yale yasiyo na siki alipewa, lakini daktari alisema hapo hapo kitandani kwamba haiwezi kuing'oa iliyokwisha kushika mishipa ya fahamu. Ni kungoja, wiki baada ya wiki. Hawezi kufumbua jicho wala kumeza mate. Akili haikuguswa. Anasikia ndoo ya mpiga deki na soga za wauguzi, na wanapomvuta makohozi kwa mrija, maumivu anayapata yote bila kuweza hata kukunja uso.

Jambo moja lilimkaa rohoni. Walipakiwa gari moja la wagonjwa, yeye na mumewe. Yuko wapi?

Wifi yake aliingia, akamshika mkono. "Wifi, kaka hajambo. Yuko wodi ya chini. Anasema pole sana, jipe moyo."

Pole sana? Mwanamume yule hakuwahi kumpa mtu pole isiyo na mzaha. Hata msibani kwa mama yake mzazi alilaumu misumari ya jeneza. Mama Chupa alitaka kulia. Sumu ilikuwa imekausha hata machozi.

Wifi alipotoka, muuguzi wa zamu aliinama sikioni kwake.

"Dada, najua unasikia. Kidole chako cha mguu kimeanza kucheza. Ndugu zako wametuomba tunyamaze mpaka utoke kwenye mashine. Mimi sitaki kukudanganya, wala sitaki kukuumiza. Ukitaka ukweli wa mzee wako, kichezeshe. Hutaki, tulia tu."

Akatulia. Maadamu ametulia, mumewe yuko wodi ya chini, anausimanga uji wa hospitali.

Mashine ikampa pumzi, ikampa nyingine. Kisha akakusanya nguvu zote alizobakiwa nazo, akazisukuma hadi kidoleni.

Muuguzi akavuta kiti, akaketi.