Tabia ya Mama Gloire Haina Saa

Euphrasie wa Barking hakutaka mengi. Alitaka kukaa mbele ya mwalimu wa hesabu wa binti yake na kuongea naye mwenyewe, kwa mdomo wake, bila mkalimani. Kwa sababu mkalimani ndiye mshtakiwa.

Kikao cha wazazi kilichopita mwalimu aliongea mpaka akachoka, akatikisa kichwa, akagonga daftari kwa kidole. Gloire, miaka kumi na nne, mzaliwa wa London, akamgeukia mama yake na kutafsiri kwa Kiswahili chake cha kubahatisha: "Anasema niendelee ivi ivi." Euphrasie akamshukuru mwalimu kwa mikono miwili. Mwalimu akashangaa. Euphrasie akarudi nyumbani akapika sombe, kisamvu cha kwao, na samaki kwa furaha.

Ukweli aliukuta kanisani, kwa Laurette, ambaye mwanawe anasoma darasa moja na Gloire. Gloire hapeleki zoezi hata moja. Mwalimu anataka kumshusha kundi la chini, na ukishushwa huko, alivyosema Laurette, habari ya udaktari uisahau.

"Mwanangu ameniuza kwa Kiswahili changu mwenyewe," alisema Euphrasie.

Kikao kingine kilikuwa mwezi uliofuata. Akaamua: mwezi mzima, kila siku, Kiingereza. Na hapa ndipo alipoharibu, maana alikwenda kuwasikiliza wale vijana wa video, wale wenye vifua na vikombe vya kahawa. Wanakwambia tabia ni saa. Amka saa ileile kila siku, maisha yatanyooka yenyewe. Watu hao hawajawahi kupangiwa shifti hata moja. Lakini kwa Euphrasie ushauri ulikaa vizuri, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri tayari yuko macho, kwenye mnyororo wa maombi wa kanisa: waumini wamejiunga kwenye simu, pasta anaomba, na daima kuna mmoja amesahau kuzima maiki, unasikia maji yake ya chai yakichemka. Maombi yakiisha, Kiingereza nusu saa. Safi.

Safi kwa siku chache. Halafu ikaja rota, ratiba ya shifti.

Euphrasie ni kea wa majumbani. Anazunguka nyumba kwa nyumba kuwaogesha wazee, kuwavisha, kuwalisha. Rota inatumwa Ijumaa na kubadilishwa Jumamosi. Wiki hii saa ya maombi yuko kituo cha basi. Wiki inayofuata anamaliza kazi watu wameshalala, alfajiri yeye ni maiti. Siku nyingine ana asubuhi na jioni, na katikati kuna pengo refu ambalo hajui alilalie au alipikie. Akikosa siku moja anaona yote yamevunjika, anangoja Jumatatu aanze upya. Na Jumatatu nayo ina rota yake.

"Mama Gloire, weye uko kama kanisa yetu," alimwambia Déogratias, kea mwenzake, ambaye huwahudumia pamoja naye wale wazee wa kunyanyuliwa na watu wawili. "Ile ukumbi ya kukodi. Kila siku ya Mungu tunapanga viti, tunakunja, tunarudia. Miaka yote hii hatuna hata ukuta."

"Papa Déo, mimi nakueleza shida, weye unacheka?"

"Sicheki. Naonea viti huruma."

Pasta alisema ni vita vya kiroho. Laurette alisema dakika tano zinatosha. Programu ya simu ya kujifunzia Kiingereza ilimwambia amerudi sifuri. Euphrasie akawa hajui tena kama ni mvivu, amelogwa, au amechoka tu.

Ajabu ni kwamba mchana kutwa alikuwa anaongea Kiingereza. Ukea una sharti lake: humgusi mtu kabla hujamwambia unachotaka kumfanyia, na kumwuliza kama ni sawa. Sasa nainua mkono wako, mpenzi. Sasa nakumwagia maji, ni sawa? Nyumba baada ya nyumba. Lakini hicho Euphrasie hakukihesabu. Kwake hicho kilikuwa kama sabuni, kifaa cha kazi tu.

Siku ya kikao ilimkuta hajafanya ile nusu saa wiki nzima. Mwalimu, Bi Nishma, alikuwa mezani, macho mekundu. Gloire alishajikalisha katikati, tayari kwa kazi yake.

"Mum, I'll tell you what she says, yeah?"

"Weye nyamaza."

Euphrasie akafungua mdomo. Sentensi zote alizokariri zikakimbia. Zikaja nyingine, kwa Kiingereza, kwa sauti ileile ya bafuni.

"Habari, mpenzi. Sasa nakaa hapa pembeni yako. Ni sawa?"

Bi Nishma akasema ni sawa.

"Sasa nakuuliza habari za Gloire. Uko vizuri? Ukiumia, niambie niache."

Gloire akafunika uso. "Oh my God."

Euphrasie alihisi kuna kitu hakijakaa sawa, ila hakujua ni kipi. Lakini Bi Nishma, ambaye jioni nzima wazazi walikuwa wakimfokea, alilegeza mabega kama mtu aliyefunikwa taulo ya moto. Akaeleza taratibu, na Euphrasie akaelewa: binti ana akili, zoezi haleti, kundi la chini linamngoja.

"Hatuna haraka," alisema Euphrasie. "Tutamgeuza pamoja. Wewe shika upande ule, mimi huku."

Mwalimu akacheka mpaka akajifuta macho. Akasema atampa Gloire hadi Pasaka, kwa sharti moja: zoezi lifanywe nyumbani kila siku saa kumi na mbili jioni, mama akiwepo. Ataweza?

Kusema ndiyo ni rahisi. Wazazi wote husema ndiyo. Euphrasie akaifikiria rota.

"Hapana," alisema. "Saa hiyo mara nyingi sipo. Siku nyingine nipo asubuhi, siku nyingine sijui. Lakini nikiingia mlangoni, kabla ya kuvua viatu, naangalia zoezi. Kila siku. Saa yoyote."

Bi Nishma akamtazama Gloire kana kwamba anaomba tafsiri. Gloire hakutoa.

"Sawa," alisema mwalimu. "Hadi Pasaka."

Nje kulikuwa na baridi. "Before you take your shoes off?" Gloire alisema. "Seriously?"

"Sijui. Njo vile ilitoka mdomoni."

"And if I'm not home?"

Hilo Euphrasie hakulifikiria.

Kesho yake rota ilimrudisha nyumbani saa nne asubuhi. Gloire yuko shule. Euphrasie akasimama nyuma ya mlango, viatu miguuni, haelewi afanye nini. Akivua, ahadi imekufa siku ya kwanza. Akapika na viatu. Akala na viatu. Mwishowe akavuta kiti karibu na mlango, akalala, mdomo wazi.

Gloire alipofika alimkuta hivyo. Alivitazama vile viatu vyeusi vya kazi, kamba bado zimefungwa. Akakaa sakafuni, akafungua begi, akaanza kuandika. Alipomaliza swali la kwanza akamgusa mama yake goti.

"Mama. Amuka. Angalia."

Euphrasie akaangalia. Hakuelewa hata mstari mmoja.

"Ya pili iko wapi?" aliuliza.