Shamba Safi la Olinto

Olinto alikuwa mtu wa reki. Huko juu Pradavena, kijiji cha milimani ambako nyumba zilizofungwa ni nyingi kuliko zenye watu, hakuna aliyekuwa na shamba safi kama lake la mikastanya, ile miti ya njugu zenye ganda la miiba. Kila majira ya baridi alipogoa matawi, akakusanya majani na vijiti vyote, akawasha moto, na chini ya miti pakabaki peupe hata ungeweza kutandika mkeka ukalala. Kwa watu wa kule shamba chafu ni kama kwenda kanisani na suruali iliyochanika nyuma: hakuna anayesema kitu, lakini wote wameona. Marehemu mkewe, Settimia, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kwa jambo hilo. Tangu amzike, Olinto alisafisha kwa ajili yake, na jioni, akila ugali wake wa unga wa kastanya peke yake, alimsimulia kazi ya siku ilivyokwenda. Alisimulia kwa sauti, jamani, na chumba kilikuwa kitupu.

Kisha akaingia nyigu mharibifu, mdogo kama punje ya mtama. Hutaga ndani ya machipukizi, na masika yakifika, badala ya jani kinatokea kinundu chekundu. Tawi lenye vinundu halizai. Miaka ikapita, vikapu vitupu. Mwanawe Ivano, aliyehamia Torino na familia yake, akapiga simu.

"Baba, miti hiyo imekwisha. Kuna mtu wa mbao anaitaka. Tuiuze, uje ukae na sisi."

"Nikae wapi? Kwenye roshani, kati ya maua ya mkeo?"

"Nakupa mpaka Pasaka. Bibi shamba akisema hakuna tumaini, nasaini mkataba wa kuiuza."

Olinto alikata simu. Ile miti Settimia ndiye aliyeipandikiza, mmoja mmoja, kwa mikono yake. Wakiikata, hatabakiwa na mtu hata mmoja wa kuongea naye, na kule Torino atakufa kwa upweke kati ya watu.

Si kwamba hakusaidiwa. Masika kadhaa nyuma, huyo bibi shamba, Fiorenza, alikuja na vichupa vya kioo, ndani yake wadudu wa kijani wenye kung'aa.

"Hawa nao ni nyigu, Mzee Olinto."

"Nyigu tena? Wewe binti, nyumba inaungua unaniletea kiberiti?"

Fiorenza akacheka. "Nisikilize kwanza. Nyigu wa namna hii ni maelfu kwa maelfu. Yupo anayemaliza vidukari kwenye maharage yako, yupo wa viwavi wa kabichi, yupo mdogo mpaka anakulia ndani ya yai la nondo. Kila mmoja ana windo lake. Huyu kazi yake ni vinundu vya kastanya. Anachoma mkia ndani, anataga, na mtoto wake anamla mtoto wa mharibifu."

"Na mimi ataniuma?"

"Hawezi hata akitaka. Ila nakuomba, matawi utakayopogoa usiyachome."

"Haya, haya," alijibu Olinto, vile watu wanavyomjibu daktari aliyewakataza chumvi.

Baridi ilipoingia, akachoma. Hakufanya kwa ubishi tu. Aliviangalia vile vinundu vikavu, vyeusi, vigumu kama mawe, akajiuliza kuna kiumbe gani chenye akili kingekaa humo. Nyigu wanaruka, bwana. Watakuwa wameshakwenda zao. Na shamba lingebakije vile, Settimia angesema nini? Akachoma mwaka ule, na uliofuata, na uliofuata.

Mwezi Machi, baada ya ile simu ya Ivano, Fiorenza akaja kukagua. Alizunguka miti, akasimama penye jivu.

"Vinundu vya mwaka jana viko wapi?"

"Vyote nimeviteketeza!" alisema Olinto, kifua mbele.

Fiorenza akashika mdomo. "Mzee wangu, walikuwa humo! Wanalala humo baridi nzima, wanatoka Aprili. Umewachoma watoto wa wale wale tuliowaleta."

Olinto alilitazama lile jivu. Kwa mkono wake mwenyewe, kwa usafi wake mwenyewe!

"Hakuna la kufanya?" aliuliza.

"Lipo. Tafuta matawi makavu yenye vinundu kutoka shamba ambalo halijaguswa, uyafunge kwenye miti yako mwezi huu. Nikiyaona, namwambia Ivano asubiri. Nyigu wetu waliruka wakavuka, wamejaa hapo tu, ng'ambo ya kijito."

Ng'ambo ya kijito ni kwa mdogo wake, Gualtiero. Tangu wagombanie kibanda cha baba yao cha kukaushia kastanya, ndugu hao hawakusemeshana. Olinto alilitazama shamba la mwenzake kwa mbali, michongoma imefika kiunoni, akalisimanga kwa kila aliyetaka kumsikiliza. Mvivu yule. Aibu ya ukoo.

Asubuhi iliyofuata akavuka, roho juu. Gualtiero alikuwa amekaa mlangoni.

"Nani huyo?"

"Hunioni? Mimi Olinto."

"Loo! Kaka! Leo jua limetokea wapi? Umekuja kunifagilia?"

"Nimekuja kuomba matawi yako makavu."

Gualtiero alicheka mpaka akakohoa. "Uchafu wangu! Umevuka kijito kuomba uchafu wangu! Chukua, chukua wote. Ningekusaidia, ila macho yamekwisha, kaka. Mwaka wa ngapi sijui. Unadhani napenda kukaa na michongoma?"

Olinto akamtazama sawasawa. Macho yale yalikuwa meupe, yameelekea pembeni yake kidogo.

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani?"

Olinto aliingia kwenye michongoma akakata matawi yenye vinundu, aibu imemjaa. Aliporudi na mzigo begani, Gualtiero aliinua kichwa.

"Na haya ukiyatundika, moto huwashi tena?"

"Siwashi. Nyigu wataungua."

"Mm." Gualtiero alisugua magoti yake. "Mimi kila baridi moshi wako ukinifikia hapa, najisemea, aa, yule mjivuni bado yupo. Sasa usipochoma, nitajuaje kama uko hai?"

Olinto alitua mzigo chini, polepole, asije akavunja vinundu. Akavuta kigoda, akaketi karibu na mdogo wake, akauliza kahawa iko kabati gani.